Hudson Soft: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla ya yote: haihusiani na mto wa New York. Hudson Soft ilikuwa kampuni ya gemu kutoka Sapporo, kaskazini mwa Japani. Ilifunguliwa 1973, na jina lake likafutwa Machi 2012. Maswali yanaanzia kwa wasioijua kabisa na kwenda hadi kwa wale wanaotaka kubishana.

Sijawahi kuisikia Hudson. Inawezekana nimewahi kucheza gemu yake?

Kama utotoni ulikaa mbele ya zile mashine za kopi kutoka China, za kuchomeka nyuma ya TV na kuhangaika na chaneli mpaka chenga ziishe, basi ni karibu hakika. Vuta kumbukumbu ya ile kaseti ya njano iliyojaa gemu chungu nzima. Kale kamtu keupe kanakotega bomu katikati ya matofali kisha kanatimua mbio ni Bomberman. Yule anayechimba mashimo sakafuni ili wanaomfukuza watumbukie, huku yeye akizoa dhahabu, ni wa Lode Runner. Wale pengwini wawili, ukimsogeza mmoja kulia mwenzake anakwenda kushoto, ni Binary Land. Kadude ka waridi kanakokusanya matunda ni Nuts & Milk. Ile ya ndege inayopanda juu ikimwaga risasi ni Star Force. Zote hizo zilifika kwenye Famicom, mashine ya Nintendo ambayo kopi zetu ziliigwa kwayo, kwa mkono wa Hudson.

Nyumbani kwetu jina hilo hatukulijua. Bomberman tuliiita "Mabomu" na Binary Land "Pengwini", na ugomvi ulikuwa nani ashike pedi ya kwanza. Nyingi ya kaseti hizo zilikuwa zimefutwa ule mstari mdogo wa chini wenye jina la mwenye mali.

Kwa nini gemu za kampuni moja zilijaa hivyo kwenye kaseti za kopi?

Ni suala la nafasi tu, si mapenzi. Gemu za mwanzo za Famicom zilitumia ubao mwepesi kabisa ndani ya kaseti: programu isiyozidi kilobaiti 32, picha kilobaiti 8, bila chipu ya ziada. Bomberman nzima, levo zake zote 50, ni kilobaiti 24. Picha moja unayomtumia mtu WhatsApp inaimeza mara kadhaa.

Mtu anayetaka kupakia makumi ya gemu kwenye kaseti moja ya bei poa anatafuta vitu vya ukubwa huo. Gemu za baadaye zilikuja na chipu zake maalumu, na kuziiga ilikuwa gharama. Hudson iliwahi kufika kwenye Famicom na ikatoa gemu nyingi wakati zote bado ni ndogo, ndiyo maana ikajaa. Hata ile ya vifaru, Battle City ya Namco, ilisambaa kwa sababu hiyo hiyo.

Nani waliianzisha?

Ndugu wawili, Yuji Kudo na Hiroshi Kudo, tarehe 18 Mei 1973. Wakati huo gemu hazikuwemo kabisa kwenye hesabu. Walikuwa na duka la picha za sanaa na vifaa vya redio za mawasiliano, zile ambazo mtu anakaa chumbani kwake usiku na kuzungumza na mgeni aliye upande wa pili wa dunia. Duka waliliita CQ Hudson. CQ ni herufi anazozirusha hewani mwenye redio anapomwita yeyote anayemsikia.

Anayejichomelea waya zake mwenyewe kwa ajili ya redio hana safari ndefu kufika kwenye kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 duka lilikuwa limeshaingia huko.

Na "Hudson" ni nini?

Ni treni. Ndugu hao walikuwa na wazimu wa vichwa vya treni vya mvuke, na Hudson ni jina la mpangilio wa magurudumu: manne mbele, sita makubwa ya kusukuma katikati, manne nyuma. Kichwa cha C62 cha reli ya Japani kina mpangilio huo, na ndicho walichokipenda. Nyuki kwenye nembo alikuja baadaye. Anaitwa Hachisuke, na hachi ni nyuki kwa Kijapani.

Duka la redio liligeukaje kuwa kampuni ya gemu?

Kupitia mlango ambao Sharp iliuacha wazi. Kompyuta ya Sharp MZ-80K, ya mwaka 1978, ukiiwasha ilikuwa tupu. Kompyuta nyingine za wakati ule zilikuwa na BASIC, lugha ya kuandikia programu, iliyogandishwa ndani yake, lakini hii ilibidi uipakie kutoka kwenye kanda ya kaseti kila unapowasha. Wengi waliona ni usumbufu. Hudson waliona biashara: kama BASIC inatoka kwenye kanda, basi yeyote anaweza kuuza kanda yenye BASIC iliyo bora zaidi. Wakaandika yao, Hu-BASIC, na Sharp wenyewe wakaja kuitumia kwenye kompyuta zao za X1.

Sehemu hii husimuliwa kwa sentensi moja kisha watu wanakimbilia Bomberman. Mimi naona ndiyo ufunguo wa kila kilichofuata. Hudson walikuwa watu wa kuingia chini kabisa ya mashine ya mtu mwingine na kuifanya ikubali kitu ambacho mwenyewe hakukifikiria. Juni 1984, Nintendo ilipotaka Famicom yake iwe na kibodi ili watoto waandike programu, kazi ya Family BASIC ilifanywa pamoja na Sharp na Hudson.

Ni kweli ilikuwa kampuni ya kwanza ya nje kutoa gemu kwenye Famicom?

Ndiyo. Famicom ilitoka Julai 1983, na kwa mwaka mzima gemu zake zote zilitoka Nintendo. Mwisho wa Julai 1984 Hudson ikatoa Nuts & Milk na Lode Runner, zikiachana kwa siku chache tu. Namco walifuata mwaka huo huo.

Lode Runner yenyewe ilibuniwa na Mmarekani, Douglas E. Smith, na ilitolewa na Broderbund mwaka 1983. Kwenye kompyuta, watu wake walikuwa wadogo kama sisimizi na jukwaa lote lilionekana kwa wakati mmoja. Hudson waliwakuza watu, wakaifanya picha isogee mchezaji anaposogea, na maadui wakawapa sura ya roboti za katuni. Iliuza zaidi ya nakala milioni 1. Kumbuka hizo roboti, zinarudi hapo chini.

Kuna na kinyume chake pia: Nintendo iliipa Hudson ruhusa ya kumpeleka Mario kwenye kompyuta za Japani. Super Mario Bros. Special ya 1986 kwenye PC-8801 ya NEC ni kitu cha ajabu. Mashine ile haikuweza kuisogeza picha taratibu, kwa hiyo Mario anafika ukingoni, picha inaruka, na unajikuta ukurasa mwingine ukiwa tayari unaanguka shimoni. Sikushauri uitafute, labda kama una deni na dhamiri yako.

Bomberman alizaliwaje?

Mara mbili. Mwaka 1983 Hudson walitoa gemu ya kompyuta ambayo mtu wake alikuwa mtu wa kawaida mwenye kofia, akitega mabomu ndani ya vijia vya matofali. Ulaya iliuzwa kwenye ZX Spectrum kwa jina la Eric and the Floaters, na Floaters hao walikuwa maputo.

Desemba 1985 ikahamia Famicom mikononi mwa Shinichi Nakamoto, na husimuliwa kwamba aliimaliza kwa saa 72 mfululizo. Ukiwa na haraka ya namna hiyo huchori mtu mpya. Ile roboti adui ya Lode Runner ilikuwa imeshachorwa, basi ikachukuliwa na kufanywa shujaa. Ndiyo maana hadithi ya gemu inasema Bomberman ni roboti aliyechoka kutengeneza mabomu chini ya ardhi, akasikia kwamba atakayefika juu atakuwa binadamu. Akifika anageuka kweli, na binadamu anayegeuka ndiye yule mchimba mashimo wa Lode Runner. Uvivu wa mchoraji ukawa hekaya, na hekaya yenyewe si haba.

Kitu kimoja ambacho wengi hukikosea: Bomberman ya kaseti zetu ni ya mtu mmoja. Ile ya kulipuana ndugu kwa ndugu, ambayo ndiyo iliyompa jina, ilikolea mwaka 1990 kwenye mashine ya PC Engine, wachezaji watano kwenye skrini moja. Ukitega bomu unamfungia mwenzako kwenye kijia, unatoka upande wa pili ukicheka, halafu unagundua yeye naye alishatega lake mbele yako. Mwaka 1996 Saturn Bomberman ilifikisha wachezaji 10. Hakuna sheria ya kujifunza zaidi ya hiyo: bomu linalipuka kwa msalaba, usisimame kwenye msalaba.

Takahashi Meijin ni nani? Kweli alibonyeza mara 16 kwa sekunde moja?

Toshiyuki Takahashi alikuwa mfanyakazi wa Hudson upande wa mauzo na matangazo. Kuanzia kiangazi cha 1985 kampuni iliandaa mashindano ya kuzunguka Japani yaliyoitwa Caravan. Watoto wa mji husika walishindana kupata pointi nyingi kwenye gemu ya kupiga risasi, mwaka wa kwanza Star Force, wa pili Star Soldier. Takahashi alipanda jukwaani kuonyesha namna ya kucheza. Meijin ni cheo cha magwiji, kama wale wa mchezo wa shogi, na watoto wakampa kwa mikono miwili.

Hizo mara 16 alizifanya mbele za watu. Siri haikuwa kidole. Alikuwa akikaza mkono kuanzia kwenye kiwiko mpaka unatetemeka wenyewe, na kidole kinagusa kitufe kwa mtetemo huo. Famicom husoma pedi mara 60 kwa sekunde. Kubonyeza na kuachia mara 16 maana yake kila mbonyezo umepata nafasi isiyofika nne kati ya hizo 60. Jaribu kwenye meza sasa hivi. Wengi wetu hatuvuki 8, tena baada ya sekunde tatu mkono unaungua. Hudson, kama wafanyabiashara wazuri, wakauza kifaa kidogo cha kuhesabia mibonyezo ili kila mtoto ajipime.

Alipendwa kuliko mcheza sinema. Lakini ninachomheshimia mimi ni kingine. Mwaka huo huo wa 1985 aliwaambia watoto hadharani kwamba gemu ni saa moja kwa siku, na kampuni inayoishi kwa kuuza gemu ikakubali maneno hayo yawe kauli yake. Alibaki Hudson mpaka 2011.

Adventure Island na Wonder Boy si gemu moja?

Kwa mwili ni moja. Wonder Boy ilitengenezwa na kampuni ndogo iliyoitwa Escape, ambayo baadaye ikawa Westone, ikatolewa na Sega mwaka 1986. Gemu ilikuwa ya Escape, lakini jina na sura ya shujaa vilikuwa vya Sega. Hudson walipotaka kuipeleka Famicom ilibidi wamtoe kijana wa Sega na kumweka mtu wao. Wakaiita Adventure Island, wakamweka Takahashi mwenyewe, na kofia yake, na sketi ya majani. Nje ya Japani, ambako hakuna aliyemfahamu, akaitwa Master Higgins.

Ukiicheza utakumbuka njaa. Juu ya skrini kuna mstari wa nguvu unaopungua muda wote, kwa hiyo huwezi kusimama ukafikiri, lazima ukimbilie tunda linalofuata. Na kuna biringanya. Ukivunja yai baya likatoka biringanya, linakung'ang'ania na kukunyonya nguvu. Sijui biringanya ziliwakosea nini Wajapani.

PC Engine ilikuwa ya NEC au ya Hudson?

Jina kwenye boksi ni NEC, akili ndani yake ni Hudson. Ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote, na nje ya Japani ndiyo inayojulikana kidogo kuliko zote.

Katikati ya miaka ya 1980 Hudson walibuni seti ya chipu za mashine ya gemu yenye nguvu kuliko Famicom. NEC ilikuwa na viwanda na fedha, ila haikuwa na gemu. Wakaungana, na tarehe 30 Oktoba 1987 PC Engine ikaingia madukani. Ni mraba wa sentimita 14 kwa 14, unene haufiki 4. Unaishika kwa kiganja kimoja. Gemu zake hazikuwa kwenye kaseti bali kwenye kadi nyembamba iitwayo HuCard, ukubwa wa kadi ya benki. Hiyo Hu ni ya Hudson.

Ubongo wake ulikuwa wa biti 8, lakini chipu mbili za picha zilikuwa za biti 16, na ziliweza kuonyesha mamia ya rangi kwa pamoja wakati Famicom ilihangaika na ishirini na kitu. Desemba 1988 wakaongeza kisomeo cha CD, na ikawa mashine ya kwanza ya gemu duniani kutumia CD. Kadi ya wakati ule kwa kawaida haikuvuka nusu megabaiti. CD ilibeba zaidi ya megabaiti 500. Ghafla gemu ikawa na waigizaji wanaozungumza na muziki wa bendi halisi. Ys I & II ya 1989 ukiisikiliza leo bado inasimamisha nywele.

Kasoro yake moja ya ajabu ni kwamba ilikuwa na tundu moja tu la pedi. Ukitaka wawili, ununue kigawanyio. Ila kigawanyio chenyewe kilikuwa na matundu matano, na bila matundu hayo matano Bomberman wa 1990 asingekuwepo.

Nchini Japani PC Engine iliishinda Mega Drive ya Sega na kushika nafasi ya pili nyuma ya Nintendo. Na muda wote huo Hudson waliendelea kuitengenezea Nintendo gemu. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

Mbona kule Marekani PC Engine ilianguka?

Ilichelewa karibu miaka miwili. Ilifika Agosti 1989 kwa jina la TurboGrafx-16, mwezi ule ule Sega ilipoleta Genesis (ndiyo Mega Drive kwa jina la Marekani), na ile "16" kwenye jina ilimpa kila mshindani nafasi ya kusema ubongo ni wa 8. Gemu iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa Keith Courage in Alpha Zones, ambayo haikumtamanisha mtu. Bonk, yule mtoto wa pangoni anayepiga maadui kwa kichwa, ndiye aliyestahili kuwemo tangu siku ya kwanza.

Mrithi wake, PC-FX, hata Marekani haikufika. Ilitoka tarehe 23 Desemba 1994, siku 20 baada ya PlayStation, ikiwa hodari wa kuonyesha katuni na bila chipu ya kuchora 3D. Hapo hata mimi ninayewapenda sina la kuwatetea.

Mario Party ni ya Hudson?

Ya kwanza hadi ya nane, zote walizitengeneza wao kwa niaba ya Nintendo, kuanzia Desemba 1998 hadi 2007. Haikuwa kazi ngeni kwao. Tangu 1988 walikuwa wakitoa Momotaro Dentetsu, gemu ya bodi ambayo unarusha dadu, unasafiri kwa treni kuizunguka Japani na kununua biashara kila kituo huku mungu wa umaskini amekupanda mgongoni akitapanya hela zako. Treni tena, utaona.

Mario Party ya kwanza ina kisa cha viganja. Baadhi ya michezo yake ilikutaka uzungushe kile kijiti cha pedi ya Nintendo 64 kwa kasi uwezavyo, na watoto wakagundua kiganja kina kasi kuliko kidole gumba. Wakachubuka, wakatoka malengelenge. Mwaka 2000 Nintendo ya Marekani ilifikia makubaliano na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, ikakubali kuwagawia wenye gemu hiyo glavu za kuvaa. Toleo la pili michezo ya kuzungusha ikaondolewa.

Kampuni yenye vyote hivyo ilikufaje?

Kwanza benki. Hudson ilikuwa kampuni ya Hokkaido, na mtaji wake ulitegemea benki ya Hokkaido, iitwayo Hokkaido Takushoku. Novemba 1997 benki hiyo ilianguka kwa mzigo wa mikopo mibaya ya enzi za ardhi kupanda bei. Tangu Vita Kuu ya Pili, hakuna benki ya daraja lake iliyokuwa imewahi kuanguka Japani. Miji ya kaskazini iliyumba yote, na kampuni ya gemu ambayo hula fedha leo ili iuze mwakani ikaamka haina pa kukopa.

Desemba 2000 Hudson ikauza hisa sokoni. Agosti 2001 Konami, kampuni nyingine ya gemu ya Japani, wakawa wenye hisa nyingi kuliko mwingine yeyote, na mwaka 2005 wakavuka nusu. Kuanzia hapo haikuwa tena mtu mwenye nyumba yake. Januari 2011 ikatangazwa kwamba Konami watachukua hisa zote zilizobaki, Februari ofisi ya California ikafungwa, na gemu mpya ya Bonk iliyokuwa jikoni ikafa nayo. Tarehe 1 Aprili 2011 Hudson ikawa mali ya Konami asilimia 100. Tarehe 1 Machi 2012 ikamezwa, jina likaondolewa.

Hakukuwa na siku ya kulia. Ilikuwa kama barafu kwenye glasi: kila ukiangalia bado ipo, ila ndogo kuliko jana.

Si Bomberman: Act Zero ndiyo iliyoiua?

Hapana, ingawa ilistahili kushtakiwa. Mwaka 2006, kwenye Xbox 360, mtu fulani aliamua Bomberman avae chuma, awe na sura ya kutisha na apigane kwenye mahandaki ya kijivu. Basi, sura tungeisamehe. Kisichosameheka ni kwamba waliondoa uwezo wa kucheza watu wengi sebule moja. Wali wa nazi bila nazi.

Kwa hiyo lawama ni za Konami?

Nusu tu. Konami walipoingia, fedha yao ndiyo iliyoifanya Hudson ipumue miaka kumi zaidi, na Mario Party kadhaa zilitoka ndani ya muda huo. Ninachowalaumu ni mwisho wake. Walikuwa wakihamia kwenye gemu za simu na mitandao, wakaona Hudson kama rafu ya majina ya kuchukua moja moja, si kama karakana. Karakana ikivunjwa, majina yanabaki na fundi anaondoka.

Mafundi walikwenda wapi?

Wengi wa timu ya Mario Party walikwenda NDcube, kampuni ya Nintendo, hata kabla ya Hudson kumezwa. Mario Party 9 ya 2012 ilitoka huko, na zilizofuata pia. Siku hizi inaitwa Nintendo Cube, na Super Mario Party Jamboree ya 2024 ni yao. Kwa hiyo ukirusha dadu kwenye Switch, mashine ya Nintendo, mkono wa Sapporo bado umo.

Majina ya gemu zake yako kwa nani?

Konami. Machi 2017 walimrudisha Bomberman kwa Super Bomberman R, siku ile ile Switch ilipotoka, na safari hii sebule ikarudishwa. Mwaka 2020 walitoa PC Engine Mini, na Momotaro Dentetsu ya mwaka huo iliuza zaidi ya nakala milioni 3 nchini Japani peke yake. Mali ya marehemu haijalala.

Nikitaka kuonja, nianzie wapi?

Kama mna watu wanne au watano na TV moja, Bomberman yoyote ya miaka ya 1990, na chakula kiwe kimeshaliwa, maana hakuna atakayeinuka. Ukiwa peke yako, Adventure Island, ukijihadhari na biringanya.

Na kama ile kaseti ya njano bado ipo kabatini, weka Mabomu, ucheze mpaka levo ya 50. Kwetu aliyefika alikuwa mdogo wangu, siku ya mvua, baada ya kunakili herufi za siri kwenye jalada la daftari la hisabati. Kamtu keupe kalikimbia, kakageuka binadamu, na skrini ikatoa maandishi ya Kiingereza yakitupongeza na kusema huenda tutamtambua kwenye gemu nyingine ya Hudson Soft. Waliofuta jina mwanzoni mwa gemu hawakufika huko mwisho. Tulidhani Hudson Soft ndilo jina lake, na kwa wiki nzima tukamwita hivyo.